Hulipwi, Sawa. Lakini Nani Anakulinda?

Leo naandika jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya kimya, kwa sababu tunaona aibu au tunaogopa kufukuzwa.

Mwaka jana nilikuwa najifunza kuchomelea vyuma kwenye karakana moja hapa Kawempe, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Bombo. Nilikuwa nimeshakaa pale miezi minane. Silipwi. Asubuhi nafungua, nafagia, natoa mashine nje. Jioni narudisha ndani. Mchana bosi ananipa elfu mbili ya chakula, siku nyingine hakuna. Siku hiyo kulikuwa na geti la mteja, na mteja ameshatoa pesa ya kwanza, anapiga simu kila saa. Bosi akaniambia, "Malizia kusaga hizo pembe, mimi nafika Kalerwe mara moja." Nikabaki peke yangu na grinda. Miwani ya kinga ilikuwa moja tu karakana nzima, na ilikuwa imevunjika tangu kabla mimi sijafika pale.

Kipande cha chuma, kidogo kama chembe ya chumvi, kikaingia jicho la kushoto.

Nilienda kliniki na boda, nimefunika jicho na shati. Walikitoa, wakanipa dawa, wakaniambia nina bahati. Bili ilikuwa elfu tisini. Nilikopa kwa mama mmoja wa kanisani kwetu. Baada ya siku nne nikarudi kwa bosi kumwomba anisaidie hata nusu. Aliniangalia kama mtu ambaye hajaelewa swali. Akasema, "Kijana, mimi sijakuajiri. Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi akiumia anaenda kwa wazazi wake."

Wazazi wangu wako Kyangwali. Mwezi ule wao ndo walikuwa wanasubiri nitume kitu.

Sikumjibu, yeye ni mtu mzima na mimi nilikuwa bado nataka kujifunza. Lakini njiani nikirudi Bwaise nilijiuliza: wakati geti linahitaji kumalizwa, nilikuwa nani? Mteja hakuambiwa geti lake linasagwa na mwanafunzi. Alilipa bei kamili. Kumbe asubuhi mimi ni mfanyakazi, jioni nikiumia nakuwa mwanafunzi. Neno moja linabadilika, na gharama yote inahamia kwangu.

Hoja yangu leo ni moja. Kutolipwa kunaweza kuwa makubaliano ya watu wawili, na mimi sikatai. Kutolindwa hakuwezi kuwa makubaliano ya mtu yeyote.

Tuko wengi, tunaitwa majina tofauti

Ukipita Kawempe yetu, kuanzia Bwaise mpaka Ttula, utatukuta kila mahali. Kuna kijana kwenye karakana ya mbao, kuna dada kwenye saluni, kuna anayejifunza kushona, kuna anayejifunza kutengeneza simu. Wengine wamelipia kujifunza, wengine wanajifunza kwa kufanya kazi bure. Kuna waliomaliza shule na wako kwenye ofisi fulani, wanachapa, wanapeleka barua, wanapika chai, wanaambiwa hiyo ni intaneshipu. Na kambini tuko sisi mavoluntia. Mimi nilijitolea Kyangwali miaka miwili kama mkalimani kabla ya kuja Kampala, na mpaka leo nikirudi kule naitwa kusaidia, naenda.

Mwanafunzi, intani, voluntia, msaidizi. Kuna neno la Kiswahili sanifu pia, mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza ufundi kwa fundi. Neno ni zuri. Lakini kwa maisha yetu majina haya yote yana kazi moja: kusema kwamba wewe si mfanyakazi. Na ukishakuwa si mfanyakazi, milango mingi inafungwa bila wewe kusikia kelele yake.

Sheria inasema nini kweli

Mimi si wakili, nimesoma mpaka S.4 tu. Lakini baada ya lile jicho nilianza kuuliza na kusoma, na nimekuta mambo ambayo nadhani kila mmoja wetu angepaswa kuyajua.

Kwanza, sisi kama wakimbizi hatuko nje ya sheria za kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutafuta kazi na kufanya kazi ya kipato. Watu wa nchi nyingine wanatuonea wivu kwa hilo.

Pili, kuna Sheria ya Ajira, nayo ni ya mwaka 2006. Inasema mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, wa wazi au unaoonekana tu kutokana na jinsi mnavyofanya. Kwa hiyo ile habari ya "hatukuandikiana" haimalizi kesi. Lakini inaongeza kwamba ni makubaliano ya kufanya kazi *kwa malipo*. Hapo ndo penye shimo. Asiyelipwa anaweza kuambiwa: huna malipo, basi huna mkataba, basi sheria hii si yako.

Ila shimo hilo lina kamba. Sheria hiyohiyo inasema mkataba wa kujifunza ufundi, ule wa mwanagenzi, umo ndani ya mikataba ya kazi, na mtu mwenye mkataba huo ni mfanyakazi. Maana yake ukiweza kuonyesha kwamba wewe na fundi mlikubaliana akufundishe na wewe umfanyie kazi, una mahali pa kusimama. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuna hata kipande cha karatasi, hatuna shahidi, hatuna tarehe.

Tatu, kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2006. Mwenye kazi anatakiwa kuwakinga wafanyakazi wake *na watu wengine* dhidi ya hatari za shughuli yake, kwa gharama yake mwenyewe. Yaani hata tukibishana mpaka kesho kama mimi ni mfanyakazi au si mfanyakazi, mimi bado ni mtu. Cheche za grinda haziulizi kama jina lako liko kwenye orodha ya mishahara.

Sasa angalia mambo mengine yanavyotuacha. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini inapiga hesabu kwa kipato. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, familia inahesabiwa kipato cha miezi 60. Haya, chukua simu yako, fungua kikokotoo, piga 60 mara sifuri.

Kuhusu kunyanyaswa kimapenzi, Sheria ya Ajira inakataza, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke utaratibu wa kuzuia. Saluni ya Bwaise ina watu wanne. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ambayo yangemgusa kila mwajiri, mkubwa na mdogo, lakini Rais hakuyasaini.

Tena kuna kitu kimoja kinanishangaza. Sheria imeweka mwisho kwa mtu wa majaribio: miezi sita, na mkikubaliana mnaongeza sita mingine. Imeweka mwisho hata kwa kibarua, wale tunaowaita wa leja leja: kanuni za mwaka 2011 zinasema akifanya miezi minne mfululizo ana haki ya mkataba wa maandishi. Lakini sisi tunaojifunza, mtu anakaa miaka miwili, anachomelea mageti peke yake, na bado kila asubuhi ni mwanafunzi.

Si sisi peke yetu

Nisije nikaonekana nalalamika kama mkimbizi tu. Hata waliosoma sana wamekutana na jambo hili. Hapa Uganda madaktari wanaomaliza chuo lazima wafanye mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Hata hapa hospitali ya rufaa ya Kawempe utawaona. Mwaka 2021 Rais aliagiza walipwe milioni 2.5 kwa mwezi, na mwaka 2023 serikali ikashusha mpaka milioni moja. Waligoma, waliandamana, wana umoja wao. Mgonjwa anayeshonwa usiku hajali kama aliyemshona ni daktari kamili au wa mafunzo, kazi ni ileile.

Kenya, walimu waliokwisha kufuzu walipelekwa mashuleni kama "intani", wanafundisha vipindi vyote lakini wanapewa malipo madogo kuliko mwalimu wa kawaida. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ya Nairobi ikasema utaratibu ule ulivunja haki yao ya kutendewa haki kazini. Tume ya walimu ilikata rufaa, lakini sisi tuchukue funzo lililomo: jaji hakuangalia jina walilopewa peke yake, aliangalia hali yao, kwamba ni walimu waliokwisha kufuzu.

Na huko mbali, Marekani, mwaka 2013 jaji mmoja wa New York aliamua kwamba binti aliyekuwa intani bila mshahara hawezi kumshtaki bosi kwa kumnyanyasa kimapenzi chini ya sheria ya jiji, kwa sababu hakuwa analipwa, basi hakuwa mfanyakazi. Watu walikasirika. Mwaka uliofuata, 2014, jiji likabadilisha sheria ili imlinde na asiyelipwa. Nimeipenda habari hii kwa sababu inaonyesha shimo letu halikuchimbwa Afrika, na linaweza kufukiwa, tena kwa mwaka mmoja, watu wakitaka.

Hata Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2023 lilipitisha mapendekezo kuhusu wanaojifunza ufundi: wapewe malipo au fidia ya kutosha, saa zao ziwe na mipaka, walindwe wakiumia, na makubaliano yaandikwe. Ni mapendekezo, hayamfungi mtu. Lakini mtu akikwambia unadai mambo ya ajabu, mwambie dunia nzima imekaa Geneva ikakubaliana kwamba si ya ajabu.

Habari ya dada yetu

Kuna dada mmoja wa kundi letu. Ameniruhusu niseme, bila jina. Aliwekwa kwenye saluni kujifunza kusuka, kupitia mradi mmoja. Mwenye saluni alikuwa mtu mzuri. Lakini ndugu wa mwenye saluni alikuwa anakuja jioni wakati wa kufunga, na alikuwa anamshika. Dada hakujua amwambie nani. Kumwambia mwenye saluni ni kumshtaki ndugu yake. Kwenye mradi alikuwa na namba moja tu ya simu, na mwenye namba hiyo alikuwa amehamishiwa kwingine.

Alivumilia miezi mitano, akaacha. Miezi mitano ikapotea, hana barua, hana cheti. Na sasa sikia hii: baadaye alikuja kuambiwa kwamba kwenye karatasi za mradi yeye ameandikwa kama "aliyeacha mwenyewe".

Kumshika mtu asiyetaka ni kosa la jinai Uganda, awe analipwa au halipwi, na polisi ni haki yake. Lakini nani kati yetu anaenda polisi kirahisi, na Luganda yenyewe ya kubabaisha? Ndo maana nasema ulinzi uanzie pale kazini, siku ya kwanza.

Nyinyi wa mashirika, hapa nawasemesha nyinyi

Najua baadhi yenu mnasoma humu, na najua wengi mnatupenda kweli. Naomba mnisikilize kama mdogo wenu.

Siku yangu ya kwanza kama voluntia nilipewa karatasi nyingi za kusaini. Kanuni za maadili: nisifanye hivi, nisichukue hiki, nikiona jambo baya niripoti, nikikosa nitaondolewa. Nilisaini zote na nilizikubali, ni kanuni nzuri. Lakini hakukuwa na karatasi hata moja iliyosema mimi nikiumia nani ananipeleka hospitali, nafanya kazi saa ngapi, naanza lini na nafika mwisho lini. Nilifungwa, sikulindwa.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Akina mama wanasimulia mambo waliyofanyiwa Ituri, na mimi natoka hukohuko, tulivuka Ziwa Albert mwaka 2018. Wanasema kwa Kiswahili cha kwetu, mimi naweka kwa Kiingereza, afisa anaandika. Afisa alikuwa na likizo na mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na maneno yale kichwani, kesho saa mbili niko tena kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalala.

Kuhusu hela tunayopewa, wenzetu wa Tanzania wanaiita posho. Sisi hapa Uganda posho ni ugali, na ukipiga hesabu vizuri, hela ile inatosha posho kweli, bila maharage.

Huko Kakuma na Dadaab, kwa miaka mingi mkimbizi aliyefundisha au kuhudumia wagonjwa alipewa "insentivu" badala ya mshahara, kidogo sana kuliko Mkenya wa pembeni yake, na sababu iliyotolewa ilikuwa sheria ya nchi haimruhusu kuajiriwa. Hapa Uganda sheria inaturuhusu. Basi sababu yetu sisi ni ipi?

Siwaombi leo mtulipe wote mshahara. Najua bajeti zinakatwa, na sisi tumeona kwenye chakula kabla hamjatuambia. Ninaomba vitu ambavyo havihitaji mfadhili mpya. Mkimweka kijana kwa fundi, mnamlipa fundi kwa kumfundisha. Basi kwenye karatasi ya fundi muandike miwani, glovu, na saa. Mumtembelee kijana wakati fundi hayupo karibu. Mumpe namba mbili, na moja iwe ya mwanamke. Na mtu akiacha, kabla hamjaandika "ameacha mwenyewe", mpigieni simu mumuulize kwa nini. Simu ya dakika tatu ingetosha kujua habari ya dada yetu.

Na neno *ulinzi* mnalitumia kila siku. Liko kwenye fulana zenu na kwenye magari. Anzeni na aliyevaa fulana hiyo bila mshahara.

"Mkidai sana, hawatatuchukua"

Nilipowasomea wenzangu rasimu ya andiko hili, mmoja akanipinga kwa nguvu. Akasema, "Kaka, mafundi wenyewe ni maskini. Ukiwapelekea sheria watasema wakimbizi ni watu wa kesi, na kesho hakuna atakayemchukua mdogo wako." Nimelifikiria neno hili usiku mzima, kwa sababu lina ukweli.

Fundi wangu wa kwanza hakuwa shetani. Analipa kodi ya karakana, analipa umeme, analipa leseni ya KCCA, na mvua ikinyesha Bwaise inaingia ndani na kuharibu mali. Yeye mwenyewe alijifunza hivyohivyo, alipigwa na bosi wake, akaona ndo shule. Na ni kweli mwanafunzi mpya ni hasara: unaunguza vijiti vya kuchomelea, unakata chuma kifupi, anarudia kazi yako. Miezi ya kwanza yeye ndo anakulipa wewe kwa muda wake. Nakubali kabisa.

Hata kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mswada wa kukibadilisha ulipita bungeni mwaka 2019 na haukusainiwa. Kwa hiyo nikisema "nilipwe kwa sheria", sheria yenyewe itanipa pesa ya kula siku moja. Ndo maana sianzi na mshahara.

Naanza na vitu ambavyo fundi maskini anaviweza. Miwani ya kinga hailingani na bei ya mita moja ya bomba la chuma. Siku moja ya kupumzika kwa wiki haimgharimu kitu. Kuandika tarehe ya mwisho ni wino tu. Fundi anayekataa hata hivyo vitatu, je, anataka kukufundisha kweli?

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumelikubali jembe, hatukuja Uganda kukaa. Lakini methali haikusema mpe jembe bovu, akijikata mwambie aende kwao.

Karatasi moja

Kwa hiyo nawaomba wandugu jambo moja dogo. Kabla hujaanza mafunzo popote, iwe karakana, saluni au ofisi, kuwe na karatasi moja. Ukurasa mmoja tu, Kiswahili, Luganda au Kiingereza, saini yako, saini ya fundi, na shahidi mmoja. Shahidi anaweza kuwa mwenyekiti wa LC1, au mzee wa kanisa au msikiti anayewafahamu wote wawili. Iandike mambo matano.

La kwanza, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na nini kinabadilika ukishaanza kufanya kazi ya mteja peke yako. Hapo ndo mahali pa kuzungumza hela, hata ya asilimia.

La pili, vifaa vya kinga ni vya nani, na ukiumia nani analipa kliniki. Hata mkikubaliana nusu kwa nusu, andikeni.

La tatu, saa za kazi na siku ya kupumzika. Kwa mfanyakazi sheria inasema saa 48 kwa wiki na mapumziko baada ya siku sita. Tumia hiyo kama kipimo.

La nne, hakuna kumpiga wala kumshika mtu, na jina la mtu wa kumwambia likitokea, ambaye si bosi na si ndugu wa bosi. Na hapohapo, kitambulisho chako cha mkimbizi kinakaa na wewe. Fundi akitaka nakala mpe nakala.

La tano, utafundishwa nini, na mwisho utapewa barua. Ukiwa na ujuzi ulioupata kazini unaweza kupimwa na ofisi ya serikali, ukapewa uthibitisho wa ujuzi wako. Huhitaji diploma. Lakini inasaidia kuwa na fundi anayekiri kwamba ulipita kwake.

Je, karatasi hii ni sheria? Peke yake haina polisi. Lakini kumbuka ile kamba niliyosema: mkataba wa kujifunza ufundi unatambuliwa na Sheria ya Ajira. Karatasi yako ndo ushahidi kwamba upo. Ukikosewa, kuna afisa wa kazi, na kwa Kampala yuko chini ya KCCA. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko kama haya kabla hayajafika Mahakama ya Viwanda. Na kuna Refugee Law Project, watu wa sheria wanaosaidia wakimbizi, wamekuwepo tangu 1999. Usiende peke yako, nenda na mwenzako.

Mimi nilirudi kujifunza, karakana nyingine, mbele kidogo kuelekea Mpererwe. Siku ya kwanza nilimpa fundi mpya karatasi yangu, mikono inanitetemeka, najua ataniambia nitoke. Aliisoma polepole, akacheka. Akasema, "Hii ya kliniki tugawane, siwezi yote." Nikasema sawa, muzee. Akasaini juu ya tangi la gesi. Jicho langu linaona, ila jioni linauma nikitazama taa.

Mwezi uliopita akaja kijana mdogo kutoka Kyaka, miaka kumi na nane, hajui hata kushika grinda. Miwani imening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kabla ya kumwonyesha chochote nilimvisha, halafu nikamuuliza kama ana karatasi. Hana. Jumamosi saa nane kundi letu linakaa palepale pa siku zote, yeye atakuja tuandike yake. Na wewe kama umeanza mahali wiki hii, njoo na kalamu.